Re: PMMA inaganda kwenye moldi na mistari inalegea, msaada wakuu

Mambo mkuu. Kwa nilivyokuelewa, unakandamiza moldi ya silikoni (ile ngumu ya chipu, sio ya mpira) yenye mistari ya nanomita 100 kwenye PMMA, yaani plastiki ya akriliki, kwa nyuzi 160, inaingia fresh, ila ukibandua mistari imelegea na vipande vimebaki kwenye moldi.

Presha usiiguse kwanza, angalia unabandua kwenye joto gani. PMMA inalainika kuanzia nyuzi 105 hivi, sasa ukiachia bado iko 120 umbo linajirudia lenyewe kama uji ulioburuzia kijiko. Mimi presha naiacha palepale mpaka ishuke kwenye 70 ndo nafungua, na siachi ipoe kabisa maana plastiki inasinyaa kuliko silikoni na hapo ndo mistari inakatika.

Vipande kuganda naona ni mpako. Dondoshea tone la maji kwenye moldi, likitandaa badala ya kusimama duara basi ile silane ya florini, yaani mpako wa kuzuia plastiki isinate, imeisha, paka upya. PMMA nayo ikaushe kwanza, inanyonya unyevu halafu inatoa mapovu.

Na vumbi letu la Dodoma ulijue, punje ya mikroni moja tu inanyanyua moldi na pembeni yake hapashiki kitu, fanya asubuhi kabla upepo haujachachamaa.

Zile ngazi za atomu ulizoulizia, yaani vidaraja vyenye kimo cha tabaka la atomu, zinatoka kwenye moldi ya safaya (yakuti) iliyochomwa nyuzi 1000 hivi, kimo cha kila ngazi hata nanomita 0.3 hakifiki, Wajapani walishazihamishia kwenye kioo, lakini kioo kinataka mamia ya nyuzi, hita yako hapana.

Tupia picha ya moldi, bila hiyo siwezi kusema ni mpako au vumbi.