Kutoka Ukarani wa Hesabu Hadi Uandishi wa Programu

Kwa miaka sita nilikuwa karani wa hesabu. Kila mwisho wa mwezi nililinganisha leja ya kampuni na taarifa ya benki, mstari kwa mstari, kwa rula na kalamu nyekundu, hadi nigundue tofauti ya senti chache ilikojificha. Sikusomea kompyuta, na nilipoanza kuandika programu sikuwa na nia ya kubadili kazi. Nilikuwa nimeichoka ile rula tu.

Nilianzia kwenye lahajedwali, kwa fomula zilizozidi kurefuka hadi mimi mwenyewe nikashindwa kuzisoma wiki iliyofuata. Ndipo nikahamia Python, lugha aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991, ambayo mafunzo yake rasmi yanapatikana bure kwenye intaneti. Ushauri wangu mkubwa unatokana na kipindi hicho: usijifunze lugha ya programu kwanza ndipo utafute cha kuifanyia, bali chukua kero unayoijua kwa undani, kisha ujifunze kiasi kinachotosha kuiondoa. Kozi nilizozianza bila kero ya namna hiyo karibu zote ziliishia njiani.

Programu yangu ya kwanza iligoma kusawazisha hesabu ambazo kwa kalamu zilikuwa sawa kabisa. Nilihangaika siku tatu, hadi nilipoiagiza kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2, nayo ikanijibu 0.30000000000000004. Kumbe kwa kawaida kompyuta huhifadhi desimali katika mfumo wenye tarakimu mbili tu, sifuri na moja, na katika mfumo huo sehemu moja ya kumi haiishi, kama vile theluthi isivyoisha tunapoiandika kwa desimali. Lazima ikatwe mahali, na tofauti hiyo ndogo huibuka baadaye. Tiba niliyoitumia ni kuhifadhi fedha zote kwa senti, kama namba nzima.

Matangazo mengi ya kazi yalidai shahada, na maombi yangu mengi hayakujibiwa. Usaili niliofanikiwa kuitiwa ulikuwa wa kampuni iliyotengeneza mfumo wa malipo. Maswali ya nadharia yalinishinda, tena kwa aibu. Kisha nikaulizwa ningehifadhi vipi kiasi cha fedha, nikaeleza zile siku tatu. Nikaongeza kwamba muamala wenye kosa haupaswi kufutwa, bali husahihishwa kwa ingizo la kinyume ili historia ibaki ilivyo. Jambo hilo hulijua karani yeyote, lakini mezani pale lilikuwa geni kwa wawili kati ya watatu walionisaili. Nilipata kazi hiyo. Kwa hiyo ninapoona watu wanaohamia teknolojia wakificha kazi zao za zamani kwenye wasifu, kana kwamba ni doa, huwa nasikitika: muuguzi anajua jinsi kumbukumbu za mgonjwa zinavyopotea zamu zinapobadilishana, na maarifa hayo mwandishi wa programu aliyetoka chuoni moja kwa moja hana pa kuyapata.

Hata hivyo, nadharia niliyoiruka ilinidai. Miezi michache baada ya kuajiriwa, programu yangu ya kulinganisha miamala ilipewa mistari 10,000 kila upande, ikakaa muda mrefu bila kutoa jibu. Nilikuwa nimeiandika jinsi nilivyofanya kwa rula: kila mstari wa leja ukipitishwa kwenye kila mstari wa benki, yaani hadi milinganisho milioni 100. Mwenzangu mwenye shahada aliitazama kidogo, akanionyesha jinsi ya kuipanga mistari ya benki katika kamusi, yaani mpangilio unaoiwezesha programu kuiendea namba inayotakiwa moja kwa moja bila kupitia nyingine zote, ili kila namba ya muamala itafutwe mara moja tu. Ilimaliza kabla sijainuka kitini. Jioni hiyo nilianza kusoma kitabu cha algoriti, yaani mbinu za kutatua tatizo hatua kwa hatua, kuanzia ukurasa wa kwanza, na safari hiyo sikuishia njiani, kwa kuwa kero nilikuwa nayo.