Kwa nini maji yameacha kuenea kwenye alumini yenye utando wa nano: usikwangue kwanza

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba mabamba yako ya alumini, yale unayotaka kuyafanya mapezi ya kipoza hewa, yalipopakwa utando wa nano (wenye vinundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho) unaovuta maji yalifanya kazi vizuri siku ya kwanza, tone likitandaa mara tu linapogusa, lakini baada ya wiki mbili kabatini matone yamerudi kusimama. Mchangiaji mmoja amekushauri ukwangue utando wote upake upya. Mimi niliwahi kukwangua kwa sababu hiyohiyo, nikapoteza kazi ya mwezi mzima, na baadaye nikagundua kwamba utando haukuwa na kosa lolote.

Alumini safi, au tuseme ile oksidi nyembamba iliyo juu yake, hupenda maji. Kinachoyakataa ni tabaka la mafuta lisiloonekana kwa macho, ambalo hutua kutoka hewani ndani ya saa chache hata katika chumba kisafi. Utando wa silika au wa titani dioksidi, ambazo nazo ni oksidi, hauepuki jambo hili. Kwa kuwa uso wake una nishati kubwa, hunasa uchafu huo upesi.

Swali lako la msingi, yaani kwa nini badiliko limekuwa la ghafla na kubwa kiasi hicho, lina jibu la kihesabu. Tangu mwanasayansi Mwingereza Thomas Young mwaka 1805 tunajua kwamba pembe ya mgusano, ile ambayo ukingo wa tone hufanya na uso, huamuliwa na mizani ya mivutano mitatu: ya uso na hewa, ya uso na maji, na ya maji na hewa. Mwaka 1936 mtafiti Wenzel akaongeza ukwaru katika hesabu hiyo: kosini ya pembe unayoiona ni kosini ya pembe ya uso laini, mara uwiano wa eneo halisi kwa eneo linaloonekana. Chukua utando ambao vinundu vyake vya nano vimelifanya eneo halisi kuwa mara mbili. Kama kemia yake, yaani asili ya vitu vilivyo usoni, ingetoa nyuzi 60 kwenye uso laini, kosini ni 0.5, ukiizidisha kwa 2 unapata 1, na pembe inakuwa sifuri: maji yanaenea yote. Sasa uchafu uisogeze kemia hiyo hadi nyuzi 80 tu. Kosini inakuwa kama 0.17, mara 2 ni 0.35, na pembe inaruka hadi karibu nyuzi 70. Kemia imesogea nyuzi 20, ila jichoni unaona 70. Ukwaru wa nano hukuza kilichopo, na haujali kama kilichopo ni kizuri au kibaya.

Kwa mapezi yako jambo hili si dogo. Tone la mikrolita 5 lenye pembe ya nyuzi 60 lina kipenyo cha milimita 3.4 na kimo cha karibu milimita 1; tone hilohilo kwenye nyuzi 5 hutanuka kupita milimita 8 na kimo chake hushuka chini ya milimita 0.2. Mapezi yakiachana kwa milimita 2, matone mawili ya aina ya kwanza yanayotazamana hukaribia kabisa kugusana na kuziba njia ya hewa, ilhali yale ya aina ya pili hayafikiani kabisa.

Katika kisa changu, mabamba niliyahifadhi kwenye sanduku la plastiki lenye sponji ndani ili yasichubuke. Sponji hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoa mvuke ulioleta uchafu huo. Niligundua kwa bahati, kwa sababu bamba moja nililolisahau ndani ya bakuli la kioo lililofunikwa lilikuwa bado linatandaza maji, nalo lilikuwa la mchanganyiko uleule na la siku ileile.

Kwa hiyo kata kipande kimoja, kipashe kwenye tanuri kwa nyuzi 300 za Selsiasi kwa nusu saa, kiache kipoe kikiwa kimefunikwa kwa kioo, kisha jaribu tone. Maji yakienea tena, tatizo lilikuwa uchafu. Yasipoenea, hapo ndipo uanze kuushuku utando wenyewe. Angalizo: fanya hivyo kwa utando wa oksidi pekee, kwa maana ule unaoshikwa na polima utaungua. Ukiwa na titani dioksidi huhitaji tanuri, kwani watafiti wa Japani, akiwemo Akira Fujishima, walionyesha mwaka 1997 kwamba miale ya urujuanimno huurudishia uso huo uwezo wa kutandaza maji.

Usijaribu kusafisha kwa sabuni kisha ukapima bila kusuuza sana. Niliwahi kufurahia bamba lililotandaza tone vizuri ajabu, kumbe lilikuwa bado na sabuni iliyopunguza mvutano wa maji yenyewe. Tumia maji yaliyokenekwa, maana chumvi za maji ya bomba hubaki kwenye vitundu vya utando yanapokauka. Pima pia kwa muda uleule kila mara. Kwenye uso laini, kioevu kinachoenea hadi mwisho huenda polepole mno, nusu kipenyo chake kikikua kwa kipeo cha 0.1 cha muda, kiasi kwamba kukizidisha mara mbili kunahitaji muda mara 1,024. Kwenye utando wenye vitundu, maji hufyonzwa mbele ya tone na kwenda kasi zaidi. Anayepima baada ya sekunde 2 na anayepima baada ya dakika hawazungumzi kitu kimoja.

Ukishakipasha hicho kipande, tuwekee hapa picha ya tone kutoka ubavuni, kabla na baada, ukitaja ujazo wa tone na sekunde ulizosubiri.