Ng'ombe Akichomoka, Mwache Aende: Kwa Wanaoanza Kuswaga kwa Helikopta

Wadogo zangu mnaokuja kufanya kazi kwenye ranchi za kaskazini mwa Australia, wengine mkiwa marubani wenye leseni mpya, wengine wa pikipiki na zizini, mtaikuta helikopta imeshika kazi ya mchungaji. Northern Territory, Kimberley na kaskazini mwa Queensland kuna ranchi ambazo kundi likitawanyika, mtu wa farasi anahitaji siku kadhaa kulikusanya. Mvua zikikatika, kwenye Aprili au Mei, msimu unaanza, na mashine mtakayoiona zaidi ni Robinson R22, helikopta ndogo ya watu wawili. Kazi hii imeua marubani hodari. Nataka muelewe namna inavyoua.

Kundi linatembea vizuri, mara fahali mmoja wa Brahman, aina ya ng'ombe wa huko, anachomoka na kurudi vichakani. Rubani anageuza ghafla kumfuata, anashuka hadi juu kidogo ya miti, anapunguza mwendo, macho yote kwa fahali. Baada ya kugeuza, upepo sasa uko mgongoni. Anaona ardhi inapita chini yake na kuamini ana mwendo wa kutosha. Lakini upepo wa nyuma ukiwa noti 15 (kama kilomita 28 kwa saa), na yeye anakwenda noti 15 juu ya ardhi, kwa upande wa mapanga yanayozunguka juu ya helikopta ni sawa na kusimama hewani, na kusimama hewani kunakula nguvu nyingi kuliko kwenda mbele. Joto nalo limepunguza uwezo wa injini. Helikopta inaanza kuzama. Anavuta wenzo wa kupandisha na kushusha helikopta ili apande, mapanga yanaongeza pembe, yanakuwa mazito kuzungushwa, mizunguko inashuka na honi ya onyo inalia. Mkono wa mgeni hapo hutaka kuvuta zaidi, na kuvuta zaidi ndiko kunakomwangusha. Dawa ni kushusha wenzo huku ukifungua mafuta, kisha kutafuta mwendo wa mbele. Ila ukiwa juu ya miti, nafasi ya kushuka huna. Kwa hiyo uamuzi unaokuokoa ni ule wa kabla ya kugeuza: upepo unatoka wapi, na je, huyu fahali ana thamani hiyo?

Mapanga ya R22 ni mepesi, hayahifadhi mzunguko kwa muda mrefu. Injini ikizima una kama sekunde moja tu ya kushusha wenzo, ili hewa inayopanda iendelee kuyazungusha na wewe utue salama. Huko ndiko kunakoitwa otorotesheni, na kunahitaji kimo au mwendo. Kitabu cha helikopta kina mchoro unaoonyesha michanganyiko ya kimo na mwendo ambayo humo kutua salama ni vigumu mno. Kuswaga ng'ombe hutuingiza ndani ya eneo hilo mara kwa mara. Hatuwezi kulikwepa kabisa, ila tunaweza kukaa humo muda mfupi na kutoka.

Ndiyo maana nasisitiza: mwache aende. Atapatikana kwa pikipiki, au kwenye mzunguko wa pili wa msimu. Waliolelewa kwa wafugaji, Usukumani au Umasaini, wanalijua hili tayari: ng'ombe husogezwa kwa kusimama mahali pazuri, ukamkaribia kidogo, akisogea ukampa nafasi. Kundi lisilobanwa halichomoki ovyo. Rubani anayelijua kundi hukaa mbali na juu zaidi, na hugeuza mara chache kuliko yule anayelifukuza.

Nyaya za umeme na simu zinanitia hofu kuliko fahali yeyote. Waya wenyewe hauonekani, kwa hiyo tafuta nguzo. Na usidhani kuujua kunatosha: wachunguzi wa ajali wa Australia, ATSB, walipoangalia ndege za kilimo zilizogonga nyaya kati ya 2001 na 2010, walikuta zaidi ya nusu ya marubani walikuwa wanaujua waya huo kabla ya kuugonga. Macho yalikuwa kwenye kazi. Kila asubuhi zungukia eneo ukiwa juu kabla ya kushuka, hata kama jana ulikuwa hapo hapo.

Leseni ya urubani wa biashara peke yake haikupi ruhusa ya kuruka chini ya futi 500 kuswaga. Unahitaji mafunzo ya kuruka chini na idhini ya kuswaga. Msimamizi akikwambia utajifunza kazini, kataa.

Nyinyi wa ardhini, msipande kwa ajili ya kutembezwa. Uzito wote unaoruhusiwa kwa R22, pamoja na watu na mafuta, ni kilo 622. Wanaume wawili wa miraba minne na tangi limejaa, mchana wa joto, ni kumnyang'anya rubani akiba yake yote. Mnapoikaribia, mpite mbele, rubani akiwaona. Mapanga ya mkiani yakizunguka hayaonekani.

Rubani, andika kila saa uliyoruka, hata zile fupi. Fremu na vipuri vyake vina umri unaohesabiwa kwa saa, na R22 hufanyiwa ukarabati mkubwa kila saa 2,200 au miaka 12. Anayeficha saa anamwachia rubani mwingine mashine iliyochoka bila kumwambia. Mafuta ya pipani yachunguze maji kila unapojaza. Na umechoka, sema umechoka, hata ng'ombe wakiwa wamebakiza kilomita moja kufika zizini.

Kabla ya kuwasha, mwachie mtu aliyebaki kambini karatasi: unaswaga eneo gani, mafuta yanatosha hadi saa ngapi, na saa ngapi aanze kukutafuta kama hujaita redioni.