Siri huvujia kwenye chai ya saa nne

Swali la wiki hii liliuliza: mwanafunzi akimweleza mwalimu mnasihi mambo ya nyumbani kwao, kisha mwalimu akayafikisha ustawi wa jamii, je, amemsaliti? Jibu langu ni hapana. Ila mimi nafundisha sekondari ya kutwa mkoani Morogoro na nimeshika pia unasihi, na nawahakikishia kwamba usaliti upo, tena mwingi. Tatizo ni kwamba tunautafuta upande usio wake.

Kwanza sheria, maana wengi hudhani mwalimu anayeripoti ana kiherehere tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Yeyote, maana yake jirani, mwenye genge, bibi, na mnasihi pia. Na mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Chuoni tulikaririshwa sana kesi ya Tarasoff ya kule California: kijana alimwambia mwanasaikolojia wa chuo kikuu, Berkeley, kwamba atamuua binti fulani, polisi wa chuo wakamshika wakamwachia, binti hakuonywa, akauawa mwaka 1969. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaamua kwamba mtaalamu ana wajibu wa kumlinda anayetishiwa. Kesi nzuri kwa mtihani, lakini kule mzigo ulimwangukia mtaalamu. Sheria yetu ya Mtoto haikungoja mtu awe na cheti. Mnasihi anayejua kwamba mtoto anaingiliwa na baba yake mdogo, akanyamaza eti maadili ya kazi hayamruhusu kusema, hana maadili anayoyalinda hapo.

"Mwalimu, niahidi kwanza hutamwambia mtu." Karibu wote huanza hivyo, kidole kikizungusha uzi wa sweta, macho mlangoni. Kazi yote iko kwenye dakika hiyo. Ukijibu "sawa mwanangu, nakuahidi," umeshadanganya kabla hajaanza kusema, na kesho ukienda ustawi, hapo kweli umemsaliti. Mimi humwambia: "Hilo siwezi kukuahidi. Mengi utakayonieleza yataishia humu. Lakini kama kuna mtu anakuumiza, au unataka kujidhuru, au unataka kumdhuru mwenzako, sitakaa nalo peke yangu. Utakuwa wa kwanza kujua naenda kwa nani na nakwenda kusema nini." Wapo wanaoinuka wakaondoka. Baadhi hurudi, na anayerudi anajua anachokifanya. Wakati mwingine ndicho hasa kilichomrudisha: anatafuta mtu mzima wa kwenda kulisema lile ambalo yeye hawezi kulitamka.

Sasa njooni chumba cha walimu saa nne, chai imemiminwa. "Yule wa Kidato cha Pili B, mmesikia mama yake kakimbia na dereva wa lori?" Hakuna mtoto anayelindwa kwa maneno hayo. Kipindi kinachofuata mwalimu mwingine anamtupia kijembe mbele ya darasa, na mtoto anajua mara moja maneno yametoka wapi. Nimeona daftari la unasihi likikaa wazi juu ya meza, katikati ya madaftari ya kusahihisha, kila apitaye anafunua. Na hii ni nchi ambayo tangu mwaka 2022 ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayozihesabu taarifa za watoto na za afya kuwa nyeti.

Chumba hicho hicho, likija jambo la kubakwa, kinakuwa na staha ya ajabu. "Tumwite mzazi, wakalimalize nyumbani." Ukoo unakaa kikao, mjomba anatozwa kitu, binti anahamishiwa kwa shangazi. Wanaopenda njia hiyo naomba wakumbuke saa 72. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa lazima zianze ndani ya muda huo, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Kikao cha ukoo hakijawahi kuwahi saa 72. Bado wanamsubiri baba mkubwa atoke Mbeya. Kwa hiyo mtoto aende hospitali leo, na taarifa iende kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi leo hii. Asiye na nauli ana namba 116, ni bure. Na mtoto asihojiwe na mkuu, kisha matroni, kisha mtendaji wa kata, kila mmoja akitaka asimuliwe upya.

Wanaolalamika kwamba mabinti wetu ni wasiri wakumbuke pia walikotoka. Hadi Novemba 2021, binti aliyemwambia mwalimu kwamba ana mimba alikuwa anajisaini kufukuzwa shule. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukafungua mlango wa kurudi, lakini woga hauondoki kwa waraka. Tena kuna marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016: anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na mkuu wa shule anatakiwa kutoa taarifa za mimba na ndoa za wanafunzi kila robo mwaka. Binti analijua hilo. Akiwa mhusika ni mwendesha bodaboda wa miaka 28, sioni cha kumhurumia. Akiwa ni mvulana wa dawati la nyuma, binti anafunga mdomo, na mimi namwelewa, ingawa wajibu wangu haubadiliki. Hapa sheria na unasihi vinagombana, na sijaona warsha iliyotusaidia zaidi ya kutugawia kalamu na fulana.

Gumu kuliko yote ni la anayetaka kujiua. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Wenzetu wa Kenya, Mahakama Kuu yao ilikitangaza kifungu chao cha namna hiyo kuwa kinyume cha Katiba mwezi Januari 2025. Sisi bado. Kwa hiyo mtoto wa namna hii simpeleki polisi. Namshika mkono hadi hospitali, mzazi anaitwa, isipokuwa kama mzazi ndiye anayekimbiwa, na hapo anaitwa ndugu ambaye mtoto mwenyewe amemtaja. Hatuachi akae peke yake hata kwa kisingizio cha kwenda msalani.

Mzazi atauliza: mbona mimi sikuambiwa mwanzo? Mara nyingi ataambiwa, tena mapema. Lakini anayetajwa akiwa ni mtu wa nyumba hiyo, ukimtangulia kumwambia mzazi, jioni mtoto atakuwa ameshakana kila kitu na begi limefungwa kwenda kijijini.

Na kuripoti kuna kipimo. Ripoti inayokwenda ustawi inaeleza nani, wapi, lini, na mtoto alivyosema kwa maneno yake mwenyewe. Kwamba ana mpenzi, kwamba anakojoa kitandani, kwamba aliwahi kuiba hela ya kikoba cha mama, hayo yanabaki kwenye kabati lenye kufuli, na mkuu wa shule akitaka kuyasoma namwomba aniandikie sababu.