Kura ya maoni ipo, ila haihesabiwi kila mahali

Swali la wiki hii liliuliza kama uchaguzi wa katikati ya muhula nchini Marekani hugeuka kura ya maoni ya taifa zima kuhusu chama tawala. Kwa Baraza la Wawakilishi nasema ndiyo, kwa Seneti nusu nusu, na kwa magavana mara nyingi hapana. Hata penye ndiyo pana sharti ambalo wachambuzi wengi hulipita mbio: mpiga kura lazima aone kwamba mwenye kushika usukani wa nchi ni mmoja tu.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana uchaguzi wa aina hii kwao. Wakenya humchagua rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA (mwakilishi wa wadi) siku moja kila baada ya miaka 5. Tanzania nako rais, mbunge na diwani huenda pamoja. Rais wa Marekani hukaa miaka 4, lakini viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi hugombewa upya kila miaka 2, pamoja na takriban theluthi moja ya viti 100 vya Seneti. Katikati ya muhula, basi, jina la rais halimo kwenye karatasi ya kura, na aliyemchoka hana wa kumwadhibu isipokuwa mgombea wa chama chake.

Na huadhibiwa kweli. Tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe, chama cha rais kimepoteza viti vya Baraza karibu kila mara. Truman alipoteza zaidi ya 50 mwaka 1946, Clinton naye zaidi ya 50 mwaka 1994, Obama 63 mwaka 2010, wote Wademokrat, na Trump, Mrepublican, 40 mwaka 2018. Wagombea wa chama kimoja hawawezi kuwa wabovu ghafla wote kwa pamoja, kuanzia Maine hadi Arizona. Kinachowaangusha kipo juu yao wote.

Sehemu ya hesabu hiyo hutokana na nani anatoka nyumbani. Mwaka 2020 walipiga kura takriban theluthi mbili ya wenye sifa. Katikati ya muhula wa 2014 walikuwa kama asilimia 36 tu. Aliyeridhika huona hakuna haraka, mwenye hasira hupanga foleni. Isitoshe, Wamarekani wameacha kuchanganya vyama. Mwaka 2016, kwa mara ya kwanza, kila jimbo lililochagua seneta lilimpa ushindi seneta wa chama kilekile lililokichagua kwa urais. Mwaka 2024 ni wilaya 16 tu za uchaguzi, kati ya 435, zilizomchagua rais wa chama hiki na mwakilishi wa chama kile. Mwakilishi aliyejenga jina kwa kufuatilia pensheni za wazee na barabara za wilaya yake sasa habebwi sana na jina hilo upepo wa kitaifa unapomgeukia.

Lakini idadi ya viti vilivyopotea si kipimo cha hasira peke yake. Hupima pia chama kilikuwa kimejitandaza kiasi gani. Kabla ya Novemba 2010 Wademokrat walikalia viti zaidi ya 40 katika wilaya zilizompa kura McCain, mgombea urais wa Warepublican, mwaka 2008. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vya kwanza kuanguka. Chama kinachoingia kikiwa na viti vichache vya ugenini hakina kingi cha kupoteza, hata rais wake akichukiwa vilevile.

Turudi kwenye lile sharti la usukani. Tangu mwaka 1934 chama cha rais kimeongeza viti vya Baraza mara 3 tu: mwaka huohuo wa 1934, kisha 1998 na 2002. Wa 1998 ndio unaofundisha zaidi. Oktoba ya mwaka huo Warepublican, waliokuwa na wingi bungeni, walipiga kura kuanzisha uchunguzi wa kumwondoa Clinton madarakani, huku zaidi ya nusu ya wananchi wakiridhika na kazi yake. Badala ya kumjadili rais, watu wakawajadili wanaomwandama. Wademokrat waliongeza viti 5, na siku chache baadaye Spika wa Baraza, Mrepublican Newt Gingrich, akatangaza kuachia ngazi.

Mwaka 2022 ulikuwa na sura hiyo pia, na hapa wengi hukosea kusoma. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1 mwezi Juni, Rais Biden, Mdemokrat, hakupendwa, na kipigo kilitarajiwa. Mwezi huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani ikafuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba. Chama cha upinzani, kupitia majaji waliowekwa na marais wake, kikawa nacho kimeshika kitu kizito ambacho mpiga kura alikiona. Wapiga kura walipohojiwa wakitoka vituoni, karibu nusu walisema Biden hakuwa sababu ya kura yao. Mwaka 2018 waliosema hivyo kuhusu Trump walikuwa kama theluthi moja.

Kura za Baraza kwa taifa zima zilihama kwa karibu pointi 6, kutoka Wademokrat kuwa mbele kwa 3 mwaka 2020 hadi kuwa nyuma kwa karibu 3. Hata hivyo walipoteza viti 9 tu. Florida na New York zilihama sana. New York peke yake Warepublican walitoka viti 8 hadi 11. Michigan, ambako haki ya kutoa mimba ilikuwa kwenye karatasi ileile ya kura, Gavana Whitmer, Mdemokrat, alishinda tena na chama chake kikatwaa mabaraza yote mawili ya jimbo. Kura ya maoni ya kweli huhamisha kila mahali kwa kiasi kinachokaribiana. Mwaka ule majimbo yalijibu maswali tofauti.

Seneti ina tatizo jingine: majimbo yanayopiga kura hayafanani na taifa. Usiku uleule wa 2018 Warepublican walipopoteza viti 40 vya Baraza, waliongeza 2 vya Seneti. Heidi Heitkamp, Mdemokrat, alikuwa akitetea kiti North Dakota, jimbo ambalo Trump alilishinda kwa pointi zaidi ya 35. Kwake hasira dhidi ya rais ilikuwa mzigo, akaanguka. Magavana ndio hukwepa zaidi, kwa sababu bajeti, shule na polisi wa jimbo ni kazi yao inayoonekana: usiku huohuo Charlie Baker, Mrepublican, alichaguliwa tena Massachusetts kwa karibu theluthi mbili ya kura.

Kwa uchaguzi wa Novemba 3, 2026 hesabu ya viti itahitaji uangalifu zaidi, kwani Texas ilichora upya mipaka ya wilaya zake za uchaguzi mwaka 2025 ikilenga viti 5 zaidi vya Warepublican, na California ikajibu mwaka huohuo kwa kura ya wananchi ikilenga idadi kama hiyo kwa Wademokrat. Anza na kura zenyewe: mwaka 2024 Warepublican waliongoza kura za Baraza kwa pointi kati ya 2 na 3. Toa kwanza wilaya ambazo chama kimoja hakikusimamisha mgombea, maana hupotosha jumla. Kisha linganisha uhamaji wa wilaya ambazo mipaka yake haikuguswa, za kaskazini kwa za kusini, za mjini kwa za mashamba. Zikihama kwa kiasi kinachokaribiana, rais ndiye aliyepigiwa kura, hata viti vikisema vingine.