Nani Apime Ubora wa Maisha ya Mama?

SWALI: Assalamu alaikum, Mhariri. Mama yetu, mwenye miaka sabini na ushei, anaishi katika nyumba ya ghorofa ya kale hapa Lamu, na kwa sababu ya magoti huteremka ngazi akiegemea ukuta ili alasiri akae na majirani kushona kofia. Kaka yangu wa Mombasa anataka kumhamishia kwake, penye lifti na hospitali jirani, akidai kwamba ubora wa maisha huku uko chini. Mama hataki kusikia. Je, jambo hili hupimwaje, na ni nani mwenye haki?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Wa alaikum salaam. Kaka yako anapima kwa vitu vinavyohesabika, wala hayuko peke yake: Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu, inayotolewa na Umoja wa Mataifa tangu 1990, hutazama umri wa kuishi, elimu na kipato. Inafaa kulinganisha nchi na nchi. Kuhusu bibi mmoja wa Langoni haina la kusema.

Shirika la Afya Duniani huanzia kwa mtu mwenyewe. Kwa maelezo yake, ubora wa maisha ni namna mtu anavyoiona nafasi yake maishani, kwa kuzingatia utamaduni na maadili ya anapoishi, pamoja na malengo, matarajio na mashaka yake. Dodoso lake fupi lina maswali 26, na la kwanza humtaka anayeulizwa ayakadirie maisha yake mwenyewe. Mengine hugusa mwili, nafsi, mahusiano na mazingira, ambamo zimo fedha, usalama, usafiri na huduma za afya. Lifti ya kaka yako, basi, ina nafasi yake, na wale washona kofia wana yao.

Hata hivyo, sikubali kwamba kauli ya mama ifunge mjadala. Mchumi Amartya Sen ametanabahisha kuwa aliyeishi na dhiki muda mrefu huyapunguza matarajio yake, akaridhika na kidogo. Mama akijibu kwamba hajambo, ulizeni pia kama maumivu yanamnyima usingizi, na ni shughuli gani alizoziacha kwa kuogopa ngazi. Huenda mkaona kwamba kinachomtesa ni ghorofa wala si Lamu, na kitanda kikashushwa chini. Muulize mama wakati kaka yako hayupo, maana mbele ya mwana aliyefunga safari kutoka Mombasa, mama wengi husema la kumridhisha.