Muulize Shangazi: "Binti yangu wameshamwita Viazi Karai"

Shangazi, shikamoo. Nina binti wa miaka 11, yuko gredi ya sita. Nywele zake ni za singa, zinafika mgongoni, kazirithi kwa babake. Tangu Ramadhani iliyopita zimegeuka. Nikimuosha Ijumaa, Jumapili asubuhi zimeshamlala kichwani utadhani zimemwagiwa samli. Foronya ina doa na mto unanuka. Juzi kwenye harusi ya ami yake alivua ushungi, binamu zake wakamwita Viazi Karai, vile viazi vya kukaangwa kwa mafuta tele, na tangu siku hiyo hauvui hata tukiwa wenyewe ndani. Namuosha kwa sabuni ya kipande nikiamini ndiyo inayokata mafuta, na maji yetu ni ya kisima, ya chumvi. Mavyaa wangu, tunayekaa naye, anasema kosa ni langu: kila nikiosha ndivyo mafuta yanavyozidi kutoka. Yeye kila usiku humsuka mkia na kumpaka mafuta ya nazi. Mtoto nimeshamgombeza sana kwamba hajisugui. Je, ni ugonjwa?
Mama wa Kisauni, Mombasa

Marahaba, mwanangu. Nianze na huko kumgombeza, maana nami nina deni hapo. Nimesuka na kuosha vichwa vya watu miaka 22, saluni yangu ikiwa chumba kimoja na mabeseni mawili. Siku moja akaletwa mtoto wa rika la binti yako. Nilipomshika nywele vidole viliteleza, nikasema, na watu wamejaa kwenye viti, "Kichwa hiki hakijaona maji mwezi mzima!" Mamake akanijibu taratibu, "Nimemuosha jana." Mtoto alikuwa ameinamia beseni, uso sikuuona, lakini masikio yalikuwa yamemwiva. Hawakurudi tena.

Mama yule alikuwa mkweli, na binti yako naye pengine anajisugua vizuri kabisa. Kila unywele shinani pana kifuko kidogo cha kutengeneza mafuta. Utotoni vifuko hivyo hufanya kazi kidogo tu. Mtoto anapokaribia kubaleghe, homoni kutoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, na baadaye kutoka kwenye ovari, huviamuru vipanuke na kutoa mafuta zaidi. Vifuko hivyohivyo vimejaa usoni, ndiyo maana ukimtazama vizuri utaona pua na paji la uso navyo vinang'aa, na huenda chunusi moja mbili zimeshachungulia. Harufu ya kwapa nayo huja msimu huohuo. Kwa msichana mabadiliko ya mwili huanza popote kati ya miaka 8 na 13, kwa hiyo wa miaka 11 si mgonjwa. Yuko katikati ya safari.

Kwa nini kwake yanaonekana hivi na kwa binamu zake pengine hayaonekani? Nywele za singa zimenyooka, mafuta huteremka kutoka kwenye ngozi mpaka chini bila kizuizi. Kwenye kipilipili mafuta hukwama shinani kwa sababu ya mizunguko, ngozi ikawa na mafuta na ncha zikawa kavu. Mafuta yanaweza kuwa sawasawa, ila hao wanaomcheka yao yamejificha.

Sasa mavyaa. Hilo la kwamba kuosha kunaongeza mafuta nami niliwaambia wateja miaka mingi, nikiwa nimelisikia kwa aliyenifundisha kazi. Si kweli. Shampuu inaondoa mafuta yaliyokwisha kutoka. Kile kifuko kiko ndani ya ngozi na amri zake kinazipata kwenye damu. Uoshe mara moja au mara nne kwa wiki, chenyewe hakina habari. Kinachomponza binti yako ni kwamba mwili umeanza kumpaka mafuta wenyewe, na nyanya yake anampaka tena juu yake kila usiku. Mafuta ya nazi si mabaya, yamelea nywele za pwani hii tangu zamani, lakini yalitakiwa na ngozi ya miaka 7. Ya miaka 11 imeshajitosheleza.

Halafu sabuni. Hapa ndipo wengi tunapojichimbia shimo, hasa Mombasa. Maji ya kisima yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe yana chokaa nyingi, na sabuni ya kipande ikikutana na chokaa haitoi povu, inatoa ule utando mweupe unaouona ukielea kwenye ndoo. Utando huo haubaki kwenye ndoo tu, unaganda kwenye nywele. Kwa hiyo mtoto anatoka bafuni na nywele nzito, zinazonata, nawe unasema mafuta hayajatoka, unaongeza sabuni. Jaribu hivi: osha kwa shampuu ya kawaida, yoyote isiyoandikwa kwamba ni ya nywele kavu, halafu suuza mwisho kwa maji matamu. Mtungi mzima hauhitajiki. Kama unanunua maji kwa mkokoteni, mtengee kopo mbili tatu za suuzo la mwisho. Wakati wa mvua kinga ya paa.

Namna ya kuosha ni hii, na umuoneshe mara mbili tu kisha umwachie afanye mwenyewe. Shampuu kijiko kimoja cha chai, aichanganye na maji kidogo ndani ya kikombe ili isikae sehemu moja. Aipeleke kwenye ngozi ya kichwa: utosini, nyuma ya masikio, kisogoni, akisugua kwa nyama za vidole, sio kucha. Nywele ndefu za mgongoni hazihitaji kusuguliwa, povu linaloteremka linazitosha. Kama anatumia kondishona, aipake kuanzia usawa wa masikio kwenda chini, ngozi isiguse. Kisha asuuze mpaka achoke, halafu asuuze tena. Watoto wengi hawasuuzi, wanamwagia.

Mara ngapi? Kwa nywele zake, mara tatu kwa wiki ni kiasi kizuri cha kuanzia, na zikiendelea kulala, siku moja ndio siku moja hapana. Tatizo ni ratiba, kwani najua asubuhi anatoka alfajiri na jioni yuko chuoni, madrasa. Usimuoshe asubuhi akafunga ushungi juu ya nywele mbichi. Humo ndani panakuwa na joto na unyevu, na harufu unayoisikia kwenye mto kwa sehemu kubwa ndimo inamotoka. Aoshe akirudi chuoni, akae mbele ya feni huku akifanya kazi zake za shule, alale zikiwa zimekauka. Vikofia vya ndani awe navyo vitatu au vinne vya pamba, kimoja kwa siku. Foronya mara mbili kwa wiki. Na kitana, mwanangu! Nimeona wasichana wamesafishwa wakang'ara, kisha wakachanwa kwa kitana chenye utandu wa mwaka jana. Kiloweke kwenye maji moto na shampuu kila Ijumaa.

Nyumbani mna mavyaa na wewe ndiye mkaza mwana, kwa hiyo chupa ya mafuta usimpokonye. Ningekuwa mimi ningemuomba kazi nyingine. Muulize kama anajua kutengeneza mkunazi. Kwa umri wake nina hakika anajua. Majani yaliyokaushwa yanatwangwa, yanachungwa, unga wake unavurugwa na maji mpaka unatoa povu. Wazee wetu walioshea nywele huo, na Oman mpaka leo wanauuza madukani kwa kazi hiyohiyo. Unaondoa mafuta kwa upole. Siku moja katika zile tatu iwe ya nyanya na mkunazi wake, na mafuta ya nazi yabaki kwa ncha peke yake, tone mbili kiganjani, baada ya kuosha. Ataendelea kumsuka usiku. Mtoto anayesukwa na nyanya yake hupata na mengine humo, hata mimi siwezi kuyaandika hapa.

Ukiona ngozi inapukutika magamba ya njano na inamuwasha, hiyo ni mba inayopenda mafuta, soma jibu la pili hapo chini.

Limebaki la Viazi Karai, na hili ndilo lililonifanya nikupe nafasi ndefu. Pwani tumezoea kungoja msichana avunje ungo ndipo aitiwe somo amfundishe. Lakini mwili hauanzi siku ile. Kwa kawaida matiti huanza kuchomoza miaka 2 au zaidi kabla ya ungo kuvunjika, na mafuta ya nywele, harufu na chunusi ziko humo katikati, mtoto akiwa hajaambiwa lolote. Binti yako amepata somo wake wa kwanza kwenye harusi, kwa midomo ya binamu. Mkae wawili, mlango umefungwa, umwambie kwamba si uchafu, kwamba nawe yalikupata kama yalikupata, na kwamba ulikosea kumgombeza. Kisha umpe shampuu yake, taulo lake na kikombe chake, viwe vyake. Hao binamu kazungumze na mama zao, yeye asiwepo.

*

Shangazi, mwanangu wa kiume ana miaka 12, nywele fupi za kipilipili. Anapaka grisi na jeli kila asubuhi ziwe na mawimbi. Sasa ana vipele vingi juu ya paji la uso kufuata mstari wa nywele, na kichwani magamba yanamwanguka mabegani. Mama yake anasema ni mapunye ya kinyozi. Nimpeleke wapi?
Baba wa Dodoma

Baba, ahsante kwa kuandika; barua za akina baba kuhusu nywele nazihesabu kwa vidole.

Vipele vinavyofuata mstari wa nywele mara nyingi ni kazi ya grisi yenyewe. Inayeyuka kwa jua na jasho, inashuka kwenye paji, inaziba vitundu vya ngozi vilivyokwisha kuwa na mafuta ya kubaleghe. Aache grisi na jeli kabisa. Usitegemee wiki moja, mpe wiki sita mpaka nane. Atakasirika kwa sababu ya mawimbi. Mwambie wanaume wengi wameyapata kwa brashi na kitambaa cha kufunga usiku.

Magamba ni jambo la pili. Mba husababishwa na ukungu unaoishi kwenye ngozi ya kila mtu na kula mafuta ya ngozi, ndiyo maana huongezeka umri huu. Duka la dawa muulize mfamasia shampuu yenye ketokonazo asilimia 2. Aipake kwenye ngozi, aiache dakika 5 akiitazama saa, sio kwa kukisia, kisha asuuze. Mara mbili kwa wiki, wiki mbili mpaka nne. Kupaka mafuta ili "kulainisha" mba ni kuupelekea ukungu chakula.

Mapunye ni kitu kingine, na mama yake usimpuuze. Mwinamishe kichwa kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona duara ambalo nywele zimekatika au zimeng'oka, lenye vumbi jeupe au vidoti vyeusi vya nywele zilizovunjika, au uvimbe wenye usaha, au tezi zimevimba nyuma ya shingo, mpeleke kituo cha afya. Mapunye yamejificha ndani ya unywele, shampuu wala krimu haziyamalizi, yanataka vidonge vya wiki kadhaa kwa kipimo cha uzito wake. Mkague na mdogo wake pia. Na kwa kinyozi aende na mashine yenu, au muombe asafishe ile yake kwa dawa mbele ya macho yako.

*

Shangazi, binti yangu ameambiwa na wenzake apake ndimu kichwani akae juani nusu saa, mafuta yatakauka. Amefanya jana. Kuna ubaya?
Mama wa Tanga

Upo. Maji ya ndimu, hasa ya kwenye ganda, yakiwa juu ya ngozi na jua likayapiga, huunguza. Malengelenge huweza kutokea siku moja au mbili baadaye, hivyo usihesabu amepona kwa sababu leo haoni kitu. Muoshe leo kwa maji mengi na shampuu, mikono pia na mahali popote palipochuruzikiwa, paji na nyuma ya masikio, na asitoke juani kichwa wazi kwa siku tatu nne. Malengelenge yakitoka msiyapasue, mwende zahanati. Alama nyeusi zikibaki zitafifia, ila huchukua wiki nyingi na pengine miezi, kwa hiyo msimpake krimu za kung'arisha juu yake.